O. M. Sandvik na Utunzaji wa Muziki wa Kiasili wa Norwei

Ole Mørk Sandvik (1875–1976) alizaliwa Nes, mkoani Hedmark, akasomea teolojia na kuishia kwenye ualimu. Ukutubi hakuusomea. Hata hivyo, mkusanyo wa muziki ambao leo umo katika Maktaba ya Taifa ya Norwei mjini Oslo ulianza kwa juhudi zake.

Kabla yake, Ludvig Mathias Lindeman, mpiga kinanda wa kanisa, alikuwa amekwisha kuzunguka mabondeni, na kati ya 1853 na 1867 alichapisha mamia ya nyimbo. Lakini alizipangia sauti za piano, zipigwe sebuleni mwa watu wa mjini. Zilipendwa sana, ila ladha ya kijijini ilipungua. Sandvik alitaka nyimbo zenyewe jinsi zilivyoimbwa na wenyewe. Mwaka 1919 alitoa kitabu kuhusu muziki wa bonde la Gudbrandsdalen, na utafiti wake juu ya Norwei ya mashariki ukampa shahada ya uzamivu mwaka 1922.

Kazi ya kuandika nyimbo jinsi zilivyoimbwa ina ugumu wake. Waimbaji wa zamani walitoa sauti zinazoangukia katikati ya vibao viwili vya piano, na nota za kawaida hazina pa kuziandika. Nyimbo za kanisani nazo ziliimbwa majumbani kwa madoido ambayo kila bonde lilikuwa na yake. Hizo Sandvik alizishughulikia hadi uzeeni, akazichapisha kuanzia 1960, umri ukiwa umefika miaka 85.

Kwa upande wa ala, fidla ya Hardanger ndiyo inayomtesa zaidi anayeorodhesha muziki huu katika katalogi. Ina nyuzi nne za kupigwa kwa upinde, na chini yake nyingine nne au tano zinazovuma zenyewe. Namna za kukaza nyuzi hizo zinazidi 20, kwa hiyo nota isiyotaja ukazaji haimfai mpigaji. Jina la ngoma, yaani muziki wa kuchezea dansi, pia halitoshi: ngoma moja hubeba majina mawili katika mabonde mawili. Kinachoaminika zaidi ni ukoo wa wapigaji, yaani nani alijifunza kwa nani. Torgeir Augundsson wa Telemark, aliyejulikana kama Myllarguten na kufariki 1872, hakuandika nota. Ngoma zake zilibaki mikononi mwa waliomsikia. Kadi ya katalogi isiyo na mnyororo huo ni nusu kadi.

Mwaka 1927 Sandvik alifanikisha kuanzishwa kwa Norsk Musikksamling, ndio ule mkusanyo wa muziki, katika Maktaba ya Chuo Kikuu, Oslo, ili miswada ya watunzi na wakusanyaji ipate makao mamoja badala ya kutegemea makabati ya warithi. Alifariki akiwa na miaka 101. Vitabu vyake bado vinasomwa na wataalamu, lakini mkusanyo ndio kazi yake kubwa zaidi, kwa kuwa unaendelea kupokea miswada ya watu wengine.