Risiti mbili za Nyangwe

Hapa Nyangwe, Kongo, mama muuza mawese amenionyesha risiti mbili za dumu moja. Ya kwanza ni ya sekta, ya pili ni ya jimbo, na muhuri wa hiyo ya pili umefifia hadi herufi hazisomeki. "Hii ya Leta ya hapa, hii ya Leta ya Kindu." Leta ndiyo serikali, na Kindu ndiko makao ya jimbo. Na ya Kinshasa, mama? Akacheka. "Ile inakula kwa mbali, baba."

Natoka Kwale, Kenya, ambako kila mwaka wa fedha tunasikiliza wakubwa wakivutana juu ya mgao wa kaunti 47. Katiba yetu ya 2010 inazihakikishia kaunti si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Kumbe kwa karatasi Wakongo wametupita mbali! Katiba yao ya 2006, kifungu cha 175, inayapa majimbo asilimia 40, tena ikisema zikatwe na kubaki palepale zinapokusanywa. Lakini fedha hupanda Kinshasa kwanza, halafu Kindu inakaa kuzingoja zirudi. Barabara ya kutoka Kasongo inaeleza yaliyobaki: pikipiki tumeisukuma zaidi kuliko tulivyoipanda.

Nyumbani tunabishana juu ya asilimia. Huku nimeanza kuuliza nani anaushika mfuko kwanza, na nani anaweza kumfukuza gavana. California, kwa mfano, hujitozea kodi yake ya mapato, ingawa nayo hupokea fedha za Washington, na rais wa Marekani hamfukuzi gavana wake. Gavana wa Kwale hushtakiwa na madiwani, kisha Seneti huamua. Rais hana kalamu ya kumfuta kazi. Hapa Kongo, tangu katiba irekebishwe Januari 2011, rais anaweza kumwondoa gavana endapo mgogoro mzito wa kisiasa unakwamisha jimbo. Mgogoro mzito ni upi, hapo ndipo penye maneno.

Zamani mizani ililalia upande mwingine. Mwaka 1887 Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu, alikubali kuwa wali, yaani gavana, wa Stanley Falls chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji: bendera ya mfalme, pembe za Tippu Tip. Miaka sita baadaye, Machi 1893, majeshi ya mfalme yaliingia Nyangwe yenyewe.

Mama alizifunga risiti kwenye ncha ya kitenge, pamoja na noti zangu.

"Kwenu sokoni wanatoa ngapi?"

"Moja, ya kaunti."

"Moja tu?" Akalitazama tena dumu langu, kama aliyeniuzia rahisi.