Pambo na Kioo Chake

Ndugu mwalimu mwanafunzi, unapoandaa somo la kazi za mikono, bila shaka hujiuliza kwanza, "Nipambe kwa kitu gani?" Sisi nasi tulianza hivyo, mpaka kigae kimoja cha kioo kilipotuonyesha kuwa lipo swali linalotangulia hilo.

Mgeni mmoja alituachia chuoni kwetu, Kilosa, konzi ya vipande vidogo vya kioo, kila kimoja kikiwa na ua ndani yake. Vilitoka Murano, kisiwa cha Venice, ambako matanuri ya kioo yalihamishiwa mwaka 1291. Fundi hupanga vioo vya rangi mbalimbali katika umbo la ua, huvipasha moto hata vikalainika, kisha huvivuta viwe ufito mrefu mwembamba. Ua hupungua ukubwa, lakini sura yake haipotei. Kila akatapo ufito huo, ua ni lile lile. Kioo cha Venice si kigeni sana kwetu. Msafara wa Stanley, uliovuka mbuga ya Mkata wakati wa masika ya mwaka 1871 na kuufuata mto Mkondoa, ulibeba magunia ya shanga, na shanga nyingi za biashara ile zilitoka Venice.

Mahafali yalikuwa yamekaribia. Pamoja na wanafunzi wetu tulikata kioo cha dirisha, tukapanga maua machache pembeni, tukakiweka katika tanuri la umeme hadi digrii 800 hivi za Selsiasi, kisha tukaliacha lipoe polepole. Kigae kilitoka kikimeremeta, na wote tukakishangilia. Asubuhi iliyofuata tulikuta nyufa zimelizunguka kila ua.

Mwanafunzi mmoja akasema kwa adabu, "Mkufunzi, labda tulitazama rangi tu." Tulimjibu kwa ukali kwamba alikuwa amelifungua tanuri mapema. Hakuwa amelifungua.

Baadaye tulisoma na kuelewa. Kioo kipoapo hunywea. Kioo cha kawaida cha dirisha hunywea takribani sehemu 9 katika milioni kwa kila digrii moja. Kioo cha fito za Murano hunywea zaidi ya sehemu 10. Tofauti hiyo ndogo, ikizidishwa kwa mamia ya digrii, yatosha kukipasua kigae. Pambo na kioo chake havina budi kuwa vya aina zinazopatana. Tulisimama mbele ya darasa, tukaeleza kosa letu, tukamwomba radhi mwanafunzi yule. Haikuwa rahisi.

Miezi michache baadaye tulimkagua katika mazoezi ya kufundisha, katika shule moja ya msingi huko Mikumi. Kwa kuwa kioo ni hatari mikononi mwa watoto, alitumia udongo. Watoto walikuwa wameviringisha pamoja udongo mwekundu wa kichuguu na udongo mweupe wa mtoni, wakakata vipande vyenye duara ndani, wakavianika kwa ajili ya kupamba darasa siku ya sikukuu. Vingi vilikuwa vimeachana. Tulidhani angeona haya mbele yetu. Badala yake alivigawa vile vilivyopasuka, akauliza, "Kwa nini?" Baada ya kimya kirefu, mtoto mmoja akajibu, "Mwalimu, huu umenywea kuliko ule." Ndipo wakachukua udongo wa aina moja, wakatia ngeu kidogo katika nusu yake, wakaanza upya. Juma lililofuata alituletea kipande kimoja kikavu, kizima.

Kwa hiyo, ndugu mwalimu, kabla ya kuchagua wimbo, picha au hadithi ya kulipamba somo lako, jiulize kwanza kama vinapatana na kiini cha somo hilo. Pambo lisilopatana nalo laweza kushangiliwa siku ya kwanza, na ufa ukaonekana siku ya pili. Ufa ukitokea, usiufiche. Wapelekee wanafunzi wako, uwaulize sababu yake.