Bendi Bila Mtindo

Huku Ireland, bendi ya vijana ikipiga wimbo wa kale, mara nyingi hutaja kwanza iliupata kwa mwimbaji gani, kisha huupiga itakavyo. Lankum wa Dublin ni mfano mzuri. Mwaka 2019 walifungua albamu yao The Livelong Day kwa "The Wild Rover", wimbo ambao walevi wa baa huuimba kwa kupiga makofi. Wao waliupunguza kasi, wakaukokota kwa takriban dakika kumi juu ya mvumo mzito wa ala usiokatika, hadi ukawa kilio cha mtu aliyejiharibia maisha. Hawakutunga wimbo mpya, lakini hakuna atakayewafananisha na bendi nyingine.

Nyumbani tunabishana kana kwamba lazima kijana achague: aige wazee au awakimbie. Bendi nyingi za hotelini Dar es Salaam husifiwa kwa kopi, yaani solo ikifanana na ya kwenye kanda basi wamepiga. Upande wa pili wapo wanaoona zilipendwa ni mambo ya wastaafu. Wote wamesahau kwamba katika muziki wa dansi bendi ilitakiwa kuwa na mtindo wake, tena wenye jina. Maquis walikuwa na Kamanyola, Vijana Jazz wakaja na Pamba Moto, Mlimani Park wakachukua Sikinde kutoka ngoma ya Wazaramo. Sikiliza Mlimani Park ya mwanzoni mwa miaka ya 1980: beti zinakwenda taratibu, magitaa yanapishana bila kugombana, tarumbeta zinajibu, halafu linaingia chemko, ile sehemu ya kasi, na hakuna anayebaki kitini. Mshabiki aliitambua bendi kabla mwimbaji hajafungua mdomo.

Atatokea wa kusema dansi lenyewe ni la kuazima, rumba ya Kuba iliyopitia Kongo. Ni kweli, na hilo linaniunga mkono: wazee waliijua rumba barabara, ndipo wakaiwekea ngoma za kwao. Mwingine atasema Ireland ina fedha. Leo inazo. Lakini chama cha muziki wa asili, Comhaltas, kilianzishwa 1951, wakati vijana wa nchi hiyo wakimiminika Uingereza kutafuta kazi, na chama cha wapiga zumari la mfuko kilianza 1968 wapigaji wakiwa hawafiki mia.

Pengo letu halisi liko kwenye kumbukumbu, na hapo vijana hawana kosa. Dublin ina hifadhi ya muziki wa asili tangu 1987, na yeyote huingia akasikiliza. Sisi tuna kanda za Radio Tanzania, hazina kubwa, ila kijana wa Temeke huokoteza vipande mtandaoni visivyotaja hata nani alipiga besi. Vijana walipopata pa kujifunzia, matokeo yalionekana: Siti and the Band wa Zanzibar walitokana na chuo cha muziki cha DCMA, kilichofunguliwa 2002, na taarabu yao iliyochanganywa na miziki mingine haiyumbi kwa sababu taarabu wanaijua.

Kwa hiyo bendi changa, pigeni kopi mpaka mzimalize, mtajeni mpiga solo kwa jina lake, kisha mtuambie mtindo wenu unaitwaje. Nanyi wenye kanda, zifungulieni.