Nani Atamfukuza?

Dubai, Jumapili, 3 Machi 2024

Jana Meydan ilikuwa siku ya majaribio, wiki nne kabla ya Kombe la Dunia la Dubai. Mbio zilikuwa nyingi ila moja tu ndiyo imenikaa kichwani: Burj Nahaar, mita 1,600 juu ya mchanga. Laurel River alishika mbele mapema, na tangu hapo wenzake wakawa wanamwona mgongo tu. Akamaliza akiwa amewaacha kwa zaidi ya miili sita ya farasi. Tadhg O'Shea, aliyempanda, hakuonekana kutoka jasho.

Farasi huyu ni mali ya Juddmonte. Alikuwa California kwa Bob Baffert, akashinda Pat O'Brien Stakes mwaka 2022, kisha akakaa zaidi ya mwaka bila kuonekana uwanjani. Sasa yuko hapa hapa Dubai kwa Bhupat Seemar. Njia mbili ziko mbele yake. Ya kwanza ni Godolphin Mile, mita zile zile 1,600, zawadi dola milioni 1. Ya pili ni Kombe lenyewe: mita 2,000, dola milioni 12.

Mita mia nne za nyongeza si jambo la kupuuza. Farasi anayekimbia kwa pupa huzilipia zote mwishoni.

Jumatatu, 11 Machi, Ramadhani mosi

Huku tumeanza kufunga leo. Shemeji kapiga simu kutoka Mombasa, anasema mtaani kwao wanangoja kesho. Akaingia kwenye alichopigia: “Shemeji, nipe farasi mmoja wa uhakika.” Nikamwambia mwezi wenyewe umeandama jana tu, na yeye keshaanza mambo ya dau. Akacheka, akaniuliza tena.

Watu wa nyumbani hawaamini nikiwaeleza kwamba mbio zenye zawadi kubwa hivi zinafanyika katika nchi isiyoruhusu kuzichezea kamari. Hakuna dirisha la tikiti kama la Ngong kule Nairobi. Ukifika uwanjani unapewa karatasi ya kubashiri washindi, bure, na ukipatia zote unagawiwa zawadi. Kwa hiyo huku mtu akikuambia farasi fulani atashinda, hakuambii kwa sababu kamtilia fedha. Anakuambia kwa sababu anabisha, na ubishi wa aina hiyo naupenda zaidi.

Jumatano, 20 Machi

Nimetoka tarawehe, nimekaa na daftari. Jirani yangu wa chini, mzee wa Kipakistani ambaye sote tunamwita Chacha, kaja na tende. Zamani alikuwa saisi Nad Al Sheba, uwanja wa kale uliokuwepo kabla ya Meydan kufunguliwa 2010. Anasema Cigar aliposhinda Kombe la kwanza mwaka 1996 yeye alikuwa pale, ameshika hatamu ya farasi mwingine ambaye hata jina lake halikumbuki. Akisimulia, Kiarabu chake huchanganyika na Kiurdu na mimi huambulia nusu.

Tumeanza na Ushba Tesoro. Mjapani, mwana wa Orfevre, ana miaka saba, na ndiye bingwa wa mwaka jana. Alianza kwenye majani bila sifa kubwa. Walipomhamishia mchangani ndipo akawa farasi. Chacha hataki kusikia jina jingine. Farasi mmoja tu, Thunder Snow, amewahi kutwaa Kombe hili mara mbili, 2018 na 2019, na Chacha anasema sasa watakuwa wawili.

Nilimrudisha kwenye mbio za mwaka jana. Bendoog alikimbia mbele kwa mwendo mkali mno, wengine wakamfuata kwa tamaa, na walipoingia mnyoosho wa mwisho wote walikuwa hoi. Ushba Tesoro alikuwa nyuma kabisa anajitunza. Yuga Kawada, aliyempanda, akamtoa nje, akawapita mmoja mmoja. Sikatai kwamba ni farasi mzuri, ila kazi ngumu siku ile alifanyiwa na wengine.

Riyadh mwezi uliopita ilikuwa vivyo hivyo. Katika Kombe la Saudia, mita 1,800, dola milioni 20, Saudi Crown na National Treasure walikuwa mbele wakivutana. Wa nyuma wakaja kuvuna: Senor Buscador wa Marekani wa kwanza, Ushba Tesoro wa pili, kichwa tu kikiwatenganisha. Watu wakaandika kwamba hao wawili ndio farasi bora wa mchangani kwa sasa. Labda. Mimi naandika kwamba wote wawili ni wamaliziaji, na mmaliziaji yuko mikononi mwa walio mbele. Wakienda polepole, au akienda mmoja peke yake bila wa kumsumbua, mmaliziaji atamaliza vizuri sana na atakuwa wa pili.

Chacha kanisikiliza akitafuna tende. Kisha akauliza swali moja: “Na huyo wa mbele, ana kifua cha mita elfu mbili?”

Jumanne, 26 Machi

Sasa ni wazi: Laurel River anaingia Kombe. Kwa mwenye farasi huyu hesabu hiyo naielewa, milioni 12 si milioni 1.

Nimepitia waliobaki nikitafuta kitu kimoja: nani atamfukuza? Newgate wa Baffert, atakayepandwa na Frankie Dettori, kashinda Santa Anita Handicap mwezi huu, lakini ni farasi wa kukaa katikati na kusukumwa. Crupi si wa mbele. Derma Sotogake ana kasi kiasi, ila mwaka jana alishinda UAE Derby kwa sababu hakuna aliyemghasi. Wilson Tesoro sidhani kama atakwenda mbele. Senor Buscador ni wa nyuma kabisa. Akitoka langoni huwa kama hana habari kuna mbio.

Kabirkhan ndiye anayenipa raha kumwandika. Baba yake ni California Chrome, mshindi wa Kombe hili 2016. Aliuzwa Marekani akiwa mdogo kwa bei ya gari kuukuu, akapelekwa Kazakhstan, akawafagia wote kule na Urusi, kisha akaletwa Dubai kwa Doug Watson. Mwezi Januari alishinda Al Maktoum Challenge hapa Meydan. Watu wanampenda kwa ajili ya hadithi yake, nami ni mmoja wao. Lakini Pat Dobbs akijaribu kumfuata Laurel River tangu mwanzo atamuua farasi wake, na asipojaribu, hakuna mwingine wa kujaribu.

Hapo ndipo mbio nzima ilipo. Mita 2,000 za mchanga Meydan zinaanzia mbele ya jukwaa. Wanapita mstari wa kumalizia mara ya kwanza, kisha duara zima la mita 1,750. Atakayefika kona ya kwanza mbele bila kuzozana anaweza kupumua upande wa nyuma wa uwanja, na akishapumua, zile mita mia nne anazoogopa Chacha zinapungua. Mimi siangalii sana kama Laurel River ana kifua. Naangalia nani atakayemnyima nafasi ya kukitumia kwa utulivu. Nimetafuta jina kwenye orodha nzima na sikulipata.

Ijumaa, 29 Machi

Baada ya sala ya Ijumaa nimejaza karatasi yangu. Naandika hapa kwa ufupi.

UAE Derby, mita 1,900: Forever Young. Mjapani wa Yoshito Yahagi, hajapoteza hata mara moja, na kashashinda Derby ya Saudia. Hapa hakuna cha kubishana.

Golden Shaheen, mita 1,200: Tuz. Naye ni wa Seemar na O'Shea.

Dubai Turf, mita 1,800 za majani: hapa nimekaa muda. Lord North wa familia ya Gosden ameshinda mbio hizi miaka mitatu mfululizo, 2021 hadi 2023, ingawa ule wa 2022 aligawana na Panthalassa. Sasa ana miaka minane na anataka wa nne. Kuna heshima, halafu kuna umri. Nimemwandika Facteur Cheval wa Ufaransa, ambaye hajawahi kushinda mbio za daraja la kwanza. Mwaka jana alikuwa wa pili Goodwood nyuma ya Paddington, wa pili Ascot nyuma ya Big Rock. Watu humwona kama farasi asiyejua kushinda. Mimi naona farasi ambaye kila mara alikutana na mmoja aliye bora kuliko yeye, na kesho simwoni huyo mmoja.

Sheema Classic, mita 2,410: mbio nzuri kuliko zote za siku, hata kuliko Kombe. Auguste Rodin ndiye jina kubwa. Mwaka jana alikuwa wa kumi na mbili katika 2000 Guineas, akashinda Derby ya Epsom, akashinda ya Ireland, akawa wa mwisho King George, akashinda Irish Champion, akaenda Marekani akashinda Breeders' Cup Turf. Huyu hana katikati: ama wa kwanza, ama usimtafute. Na kesho ni mbio zake za kwanza mwaka huu. Hata mkufunzi wake, Aidan O'Brien, nadhani hajui yupi kati ya wawili hao amepanda ndege. Liberty Island, farasi jike aliyeshinda taji zote tatu za majike Japani mwaka jana, ndiye niliyemwandika. Rebel's Romance wa Charlie Appleby nimemweka wa pili kwa sababu anapenda kusafiri na hachagui uwanja: alishinda UAE Derby 2021 mchangani, Breeders' Cup Turf 2022 majanini, na Februari hii Kombe la Amir kule Qatar. Nikimwangalia hivi kwenye karatasi natamani kumpandisha juu. Simpandishi. Majike wanapunguziwa uzito.

Kombe: Laurel River. Ushba Tesoro wa pili.

Nimemwonyesha Chacha. Kaisoma karatasi, kanirudishia, hakusema neno. Shemeji naye kaandika ujumbe: “Nipe mmoja tu, hata wa pili.” Sijamjibu.

Jumamosi, 30 Machi, usiku sana

Tumefuturu palepale uwanjani, tende na maji kwanza, wengine wamekaa chini kwenye majani ya wageni, jukwaa hilo refu la zaidi ya kilomita limewaka taa. Mbio za farasi wa Kiarabu zilikuwa zimekwisha kupita, na watu wa huku huzichangamkia kuliko wageni wanavyodhani.

Tower of London, akipandwa na Ryan Moore, kashinda Gold Cup. California Spangle kaupeleka ushindi wa Al Quoz Hong Kong. Forever Young, kama ilivyoandikwa, ijapokuwa alilazimika kupigana kidogo. Tuz kawatupa wenzake zaidi ya miili sita. O'Shea alianza usiku wake hapo.

Facteur Cheval! Pua kwa pua na Namur wa Japani, tukangoja picha. Maxime Guyon, aliyempanda, hakujua ashangilie au anyamaze. Lord North hakuwamo kati ya watatu wa kwanza.

Sheema: Rebel's Romance, akipandwa na William Buick, bila wasiwasi. Shahryar wa pili, Liberty Island wa tatu. Auguste Rodin wa mwisho. Mwenye kiti pembeni yangu, Mwingereza, alichana karatasi yake vipande vinne akavitia mfukoni, maana mapipa ya taka yalikuwa mbali.

Baada ya Isha, Kombe. Laurel River alitoka, O'Shea akamwacha aende, na hakuna aliyemfuata. Walipita mbele yetu mara ya kwanza akiwa amewatangulia kidogo. Kwenye kona pengo likakua. Upande wa nyuma wa uwanja likawa pengo la kuchekesha, watu wakaanza kuguna: anakwenda kasi mno, atakufa. Niliangalia mikono ya O'Shea kwenye skrini kubwa. Ilikuwa imetulia, farasi anajiendea. Nikajua wapanda farasi kumi na mmoja nyuma yake wanaambiana kimoyomoyo kwamba atachoka, kila mmoja akimngoja mwenzake aende kumfukuza.

Walipoingia mnyoosho wa mwisho, Ushba Tesoro na Senor Buscador walikuja kweli kweli, kama walivyokuja Riyadh. Walikimbia mbio nzuri sana za kugombea nafasi ya pili. Ushba Tesoro akaipata, Senor Buscador wa tatu, Wilson Tesoro wa nne. Laurel River alikuwa amekwisha kumaliza, miili minane na nusu mbele. Kombe la kwanza la O'Shea, mtu aliyekuwa bingwa wa wapanda farasi wa nchi hii mara nyingi kuliko yeyote.

Jumapili, 31 Machi

Magazeti yanasema Laurel River amethibitisha kuwa ana kifua cha mita 2,000. Sikubali. Amethibitisha kuwa anacho akiachiwa mbele peke yake. Atakapokutana na farasi mmoja tu mwenye kasi ya kumkaba tangu langoni, tutaanza hesabu upya. Chacha, wakati wa futari, amesema mengine kabisa: kwamba Kawada alingoja sana, angemtoa Ushba Tesoro mapema wangemaliza karibu. Tumebishana mpaka muadhini akaadhini Isha.

Shemeji hatimaye nimempigia. Nimempa majina yote, moja moja, na miili ya ushindi. Kanyamaza, kisha: “Sasa haya ndiyo ulikuwa nayo tangu Ijumaa?” Nikamwambia na Liberty Island je. Hakutaka kusikia habari za Liberty Island.

Forever Young wanampeleka Kentucky Derby, Jumamosi ya kwanza ya Mei. Mita 2,000 na ushei, farasi hadi 20 langoni, mchanga wa kurushiwa usoni tangu hatua ya kwanza. Hapa kashinda akiwa na nafasi ya kupumua nje. Huko hatapewa. Nimeandika majina manne ya Wamarekani wa kumkagua; naanza na yule mwenye kasi zaidi kutoka langoni.