Zamu ya Ngazi

Tushuke hapa Partick. Treni za chini ya ardhi za Glasgow ni ndogo kama za kuchezea watoto, zina rangi ya chungwa, na reli yao inazunguka duara lile lile la vituo 15 tangu 1896. Zina harufu ambayo sijaikuta kwingine kokote: udongo mbichi, lami kuukuu, na joto la chumba kilichofungwa mwaka mzima. Panda ngazi nami. Oktoba 1987 inamalizika, ni saa kumi na moja jioni, na giza limeshaingia.

Nje mvua inatungoja. Si mvua ya Mombasa, ile inayokuja kwa kishindo, ikapiga mabati, ikaenda zake. Haya ni manyunyu yasiyojua kuanza wala kukoma. Wenyewe wana neno la siku kama hii, "dreich", na mwisho wake wanaukwaruza kooni, kha tupu, kama maalimu alivyotufundisha chuoni. Tushike Dumbarton Road, tupite duka la samaki wa kukaanga siki ituchome pua, tupite kinyozi, tupite baa ambayo kila mlango ukifunguliwa hutoka moshi na kicheko, mpaka jumba la mawe mekundu la ghorofa nne. Ndani ni ujia mwembamba wenye vigae vya kijani hadi usawa wa bega, na ngazi za mawe zilizolika katikati kwa miguu ya watu. Kunanuka jiki na mawe mabichi. Ujia huu wanauita "close", na majirani huusafisha kwa zamu. Iko kadi ngumu yenye kamba. Ukiikuta imetundikwa kwenye kitasa cha mlango wako, ujue wiki hii ngazi ni zako. Ukishapiga deki waitundika kwa jirani.

Mlango wetu uko ghorofa ya pili, mkono wa kulia. Mwenye nyumba ni mjane wa miaka sitini na kitu, mfupi, amevaa aproni ya maua, na mikono yake ni myekundu kwa maji baridi. Aliponifungulia siku ya kwanza, nimebeba sanduku na koti la kuazima, alisema, "Come away in, son."

Nilisimama pale pale. Kwa hesabu yangu alikuwa amenipa amri tatu kwa mpigo: njoo, ondoka, ingia. Kiingereza changu nilikipata shuleni na kwenye redio ya London iliyokaa juu ya kabati la nyanya, na huko kote hakuna aliyewahi kumkaribisha mgeni kwa kumwambia aondoke. Nililoshika ni lile la mwisho tu, "son". Mwanangu. Nikaingia.

Jikoni kulikuwa na joto, dirisha limejaa jasho, na juu ya jiko bamba la chuma likichoma mkate bapa wa viazi uliokatwa robo. Kwa mbali ungedhani ni chapati. Wao kiazi hukiita "tattie", nami nikakumbuka shangazi yangu wa Unguja anayesema mbatata, ilhali sisi Mombasa twasema kiazi na yamekwisha. Baadaye nilikuja kujua kwamba "tattie" na mbatata ni ndugu, yametoka kwa batata ya Wareno na Wahispania, moja likapanda kaskazini kwenye baridi na jingine likashuka pwani yetu. Jioni ile nilijua tu kwamba mkate ule una siagi na chumvi, na kwamba nina njaa.

"And where is it ye stay, back home?"

Shuleni nilifundishwa kwamba "stay" ni kwa mgeni, mtu anayelala hotelini siku mbili. Mwenyeji hutumia neno jingine. Kumbe Glasgow mtu "anakaa", kama sisi tunavyokaa. Wakaa wapi? Nakaa Mombasa. Nilimjibu bila kutafuta neno, na ilikuwa mara ya kwanza tangu nitue Uingereza kwamba swali la Kiingereza liliniingia kwa mlango wa Kiswahili.

Si kila siku mambo yalikuwa mepesi hivyo. Jumamosi moja alifunga kitambaa kichwani, akachukua kikapu, akaniambia anakwenda "for the messages". Nami nilikuwa wiki ya tatu bila barua. Nilikaa dirishani nikimwangalia akivuka barabara, moyo wangu mwepesi kama karatasi, kwa kuwa nilielewa anakwenda posta kuchukua ujumbe wa watu. Alirudi na vitunguu, dengu, mkate na nusu kilo ya jibini. Nikamwuliza kama hakuna kilichotoka Mombasa. Akatazama ndani ya kikapu, akanitazama mimi. Huko "messages" ni vitu vya nyumbani unavyonunua sokoni. Alipoelewa, hakucheka. Alinikatia "piece", nami nikangoja nione ni kipande cha nini, mpaka akanitilia mkononi mkate wenye jamu.

Na wanawake wote wa ujia ule waliitana "hen". Kuku! Asubuhi na mapema, ngazi nzima ikivuma: habari za asubuhi kuku, kijana wako hajambo kuku? Kwetu ukimwita hivyo mke wa mtu utatafutwa na ndugu zake.

Aprili 1988 mwezi wa Ramadhani ulipoandama, nilimwambia leo sili. Siku ya tatu tu tangu nifike nilikuwa nimeanza kumwita mama, naye akaitikia bila kuuliza. Alikuwa na kijiko kikubwa mkononi, supu ya dengu ikitokota. "How no?" akasema. Nikawaza: ananiuliza vipi, kwa namna gani sili. Nikaanza kumweleza namna: kuanzia alfajiri, bila maji, mpaka jua lizame. Akanisikiliza yote, kisha akarudia, "Aye, but how?" Kwao "how" hufanya kazi ya kwa nini, kama mbona yetu. Tulizunguka hapo mpaka supu ikashika chini. Jioni, jua la kule likijivuta hadi saa mbili na ushei, nilimkuta amekaa na saa ya mezani mbele yake na bakuli limefunikwa kwa sahani, akinihesabia dakika.

Nikianza kukuelezea sauti zao hatutafika. Lakini keti hapa kidogo, kwenye kochi lenye mashimo ya sigara, usiku wa Jumamosi, televisheni imewashwa. "There's a good fillum on." Fillum! Ulimi wake haukubali konsonanti mbili zigandane mwishoni, unazitilia irabu katikati, sawasawa na ulimi uliotupa sisi filamu. Msichana kwake ni "girrul", silabi mbili na r inayoviringika. Na r hiyo haipotei kamwe. Katika "car", katika "water", ipo, unaisikia, huna haja ya kuikisia. Nyumba ni "hoose", nje ni "oot", ng'ombe ni "coo". Shuleni tungechekwa kwa u hizo ndefu, ilhali zamani Kiingereza chote kilizitamka hivyo. Waliobadili ni wa kusini. Akituita mimi na mpangaji mwenzangu mezani alisema "youse", maana kwake mmoja ni mmoja na wengi ni wengi, kama wewe na ninyi. Na jina langu, ambalo linaanza kwa kh, alilitamka siku ya kwanza bila kosa. Mtu aliyezaliwa anasema "loch" hashindwi na kh.

Halafu kuna "wee". Chai ndogo, dakika ndogo, neno dogo na wewe. Waingereza wa vitabuni wangedhani anapima ukubwa. Mimi nilijua hapimi kitu. Ni ile kidogo yetu ya adabu: naomba maji kidogo, hebu sogea kidogo. Kinachofanywa kidogo ni usumbufu.

Kiangazi cha mwaka huo nilipanda basi la usiku kwenda London kuosha vyombo katika mkahawa mmoja karibu na Whitechapel. Nilidhani sasa nakwenda kwenye Kiingereza cha redio ya nyanya. Asubuhi ya kwanza nikapita sokoni, jua linawaka, kunanuka kotmiri, samaki na maji ya mfereji, na mwuzaji mmoja anapaza sauti: "Free for a pound!" Bure kwa pauni moja. Nikarudi nyuma nikasimama kwenye meza yake, nikijaribu kuelewa biashara hiyo. Alikuwa anasema tatu. Watu wa pale th yao imegeuka f, r za mwisho wamezimeza zote, na t ya katikati wanaikata kooni kama mtu aliyekwamwa na mwiba. Hilo la t, kwa haki, Glasgow nao wanalo. Nilimpa pauni yangu ya noti, noti ya benki ya Scotland, akaigeuza mara tatu na kuiinua juani. Uingereza ya kusini noti ya pauni moja ilikuwa imekwisha kufutwa Machi ya mwaka huo, wakabaki na sarafu. Akaipokea kwa shingo upande, nami nikaondoka na maembe matatu.

Jikoni niliomba "a wee cloth", kitambaa. Kazi zikasimama. Mpishi, mzee mwenye tatuu ya nanga, akaniangalia toka kichwani mpaka viatuni, mtu mweusi wa Mombasa, akaangua kicheko hata akashika meza. Tangu siku hiyo sikuwa na jina jingine: "Oi, Jock!" Jock ndilo jina wanalomtania nalo Mskoti. Hata jina langu la kh hawakuliweza, likawa k kavu, kwa hiyo Jock lilinifaa.

Lakini mzee yule naye alikuwa na hazina yake. Ngazi kwake zilikuwa "apples". Kuangalia kitu ni "butcher's". Kichwa ni "loaf". Ilinichukua wiki kupata ufunguo: "apples and pears" inalandana kwa kina na "stairs", basi unasema matofaa na mapeasi ukimaanisha ngazi, kisha unayatupa mapeasi, unabaki na matofaa peke yake na mgeni anabaki na ujinga wake. Nikamfundisha kinyume chetu cha utotoni, tulichosema mbele ya wakubwa wasitufahamu: nyumba ni mbanyu, twende ni ndetwe. Alikishika upesi kuliko binamu zangu. Jioni za Agosti, sufuria zikilia na maji ya sabuni yakipoa, alinifukuza kwa "Ndetwe, Jock!" akifungua mlango wa nyuma.

Niliporudi Partick mama alinisikiliza dakika moja, akasema London imenilia r zangu. Akapiga deki sakafu kwa hasira, kama ndiyo iliyozila.

Ukutani jikoni palikuwa na picha ya meli nyeupe. Sikuwahi kuiuliza mpaka majira ya baridi ya mwaka huo, tukiwa tumekaa mlango wa oveni umeachwa wazi kwa ajili ya joto. Iliitwa Uganda, iliyoundwa na Barclay Curle pale Whiteinch, mwendo wa dakika chache kutoka tulipokaa, ikaanza safari 1952, London hadi Mombasa na kuendelea. Mumewe alipiga ribiti zake. Nikamwambia mjomba wangu alikuwa kuli Kilindini na huenda aliipakua mara nyingi. Tukaitazama. Makaa ya jirani yalinuka hadi kwetu.

Ndipo akanisimulia mkanda. Alikuwa na miaka saba, mwalimu akamwuliza swali, naye akajibu "Aye, Miss" badala ya "yes". Akaambiwa anyooshe mikono, mmoja juu ya mwingine. Mikanda mingi ya shule za Scotland ilitengenezwa mjini Lochgelly, ngozi nene iliyochanwa ncha, hata watu wakauita mkanda wenyewe kwa jina la mji. Katika shule za serikali ulipigwa marufuku 1987, mwaka nilioingia. Alinionyesha viganja kana kwamba alama bado zipo. Hazikuwapo.

Mimi sikuchapwa. Mimi ni wino mwekundu. Niliandika katika insha "ndia", nikakuta imekatwa: njia! Nikaandika "mato", ikakatwa: macho! Nyumbani nyanya alikuwa akiniita, "Ndoo, mwanangu. Wateka nini?" na kila neno lake lilikuwa kosa. Mkutano wa 1928 ulioamua Kiunguja ndicho kiwe Kiswahili cha vitabu ulifanyika Mombasa yenyewe, sebuleni kwetu kama kusema. Nilikuwa nimeanza kumsahihisha nyanya. Nilikuwa na miaka tisa, yeye amenikunia nazi, nami namwambia si ndoo, ni njoo. Alikaa kimya, akaendelea kukuna.

"Na mtaa wenu," mama akauliza, "waitwaje?"

"Ndia Kuu." Ndivyo kibao kilivyoandikwa, mbele ya kila mtoto aliyetoka shule na daftari lake jekundu, mpaka leo.

Akalirudia. Ile u ndefu aliitoa safi, ya Mji wa Kale hasa, kisha akatua, akanikazia macho. "Coo?"

Kuu. Ng'ombe. Tulicheka hadi jirani wa chini akagonga dari kwa ufagio.

Asubuhi niliyoondoka, Juni 1990, kadi ilikuwa kwenye kitasa chetu. Zamu ilikuwa yake, magoti yalikuwa yanamsumbua, basi nikachukua ndoo. Ndoo ya maji, nyanya, si ile yako. Nikaanza juu nikashuka kipandio kimoja kimoja, maji ya moto, jiki, brashi, mpaka mlango wa mtaani, nikapanda tena nikaitundika kadi kwa jirani wa kushoto. Alinipa "piece" mbili zilizofungwa kwa karatasi ya mkate, za safarini. "Haste ye back, son." Sanduku lilikuwa zito kuliko nilivyokuja nalo. Nilipofika ghorofa ya kwanza nikasikia sauti yake ikiteremka kwenye vigae, ikigonga huku na huku, anawasalimu ng'ombe wote wa mtaani kwetu. Katikati mawe yalikuwa bado hayajakauka. Nikashuka nikikanyaga pembeni.