Njia ya Moyale na Nyufa za Tairi

Mji wa Isiolo, katika nchi jirani ya Kenya, umekaa mfano wa kizingiti cha nyumba. Kusini yake kuna mashamba ya ngano ya Timau na kilele cha Mlima Kenya chenye theluji. Kaskazini yake kuna nchi kavu ya miiba, mchanga na mawe, inayokwenda hadi mpaka wa Ethiopia. Kwa miaka mingi lami iliishia hapo. Mtu aliyetaka kwenda Moyale, umbali wa kilomita 500 na kitu, aliaga jamaa zake kwanza.

Njia hiyo ni sehemu ya ile njia ndefu itokayo Cairo hadi Cape Town, yenye zaidi ya kilomita 10,000. Wapandao pikipiki kutoka Ulaya na kwingineko wameipita tangu zamani. Mwingereza Ted Simon, aliyeondoka London mwaka 1973 kuizunguka dunia kwa pikipiki ya Triumph, alipita Kenya katika safari yake ya miaka minne. Mwaka 2007 waigizaji Ewan McGregor na Charley Boorman waliingia Kenya kupitia Moyale wakiwa juu ya pikipiki kubwa za BMW. Siku hizi hata vijana wa Kampala na Nairobi hufunga mizigo yao, wakapita Nakuru, Nyahururu na Nanyuki, wakaelekea huko kuitazama Afrika yao wenyewe.

Wote hao, wageni na wenyeji, huongozana na rafiki mmoja asiyesema, naye ni tairi. Pikipiki ikiharibika injini, husimama. Tairi likipasuka katika mwendo wa kasi, aliyepanda huanguka. Katika nchi ambayo hospitali huweza kuwa umbali wa kilomita mia moja na zaidi, tofauti hiyo si ndogo.

TAIRI LA NJIA MBILI

Pikipiki za safari ndefu hutakiwa kutembea juu ya lami na juu ya udongo pia. Kwa hiyo tairi zake ni za masikilizano. Tairi la lami tupu lina uso laini wenye mifereji. Tairi la matope lina meno marefu yaliyoachana, ambayo mafundi wengine huyaita kashata. Tairi la njia mbili lina meno, lakini mafupi na mapana zaidi, ili lishike udongo bila kutetemesha mno juu ya lami.

Masikilizano hayo yana gharama yake. Tairi la meno marefu na mpira laini, kama Continental TKC 80, kwa kawaida halivuki kilomita 8,000 kwenye gurudumu la nyuma la pikipiki nzito, na mara nyingi huisha kabla ya hapo. Tairi gumu zaidi, kama Heidenau K60 Scout, limejipatia sifa ya kuvuka kilomita 12,000. Lakini mpira unaodumu siku nyingi ndio pia unaopata muda wa kuzeeka kabla meno hayajaisha. Hapo ndipo nyufa huanza kumtia mtu wasiwasi: meno bado marefu, mfuko umekwisha tumika, na katikati ya meno kuna mistari myembamba kama ya kiganja cha mkono.

MAWE MEUSI

Zamani hapakuwa na haja ya kuuliza tairi litakufa kwa ugonjwa gani. Baada ya Archer's Post, panapovukwa mto Ewaso Nyiro, barabara ilikuwa ya kokoto iliyojikunja kama bati la kuezekea. Ilipita chini ya Ololokwe, mlima wa mwamba unaoheshimiwa na Wasamburu, ikaenda Laisamis katika nchi ya Warendille, ikapanda Marsabit. Kutoka Marsabit hadi Moyale, kilomita zipatazo 250, ndiko kulikokuwa na adhabu yenyewe. Uwanda wa Dida Galgalu umetandazwa mawe meusi ya volkano, mengine yenye makali kama shoka. Mawe hayo yalichana tairi ubavuni, yakapinda ringi na kukata spoku.

Wakati huo pia njia ilikuwa na majambazi. Magari yalikwenda kwa msafara, yakilindwa na askari wenye silaha. Mwenye pikipiki aliyepata pancha katikati ya msafara alikuwa na shida mbili: tairi lililolala na msafara unaoondoka. Askari aliyepata kulinda njia kama hiyo, iwe huko au Karamoja, anajua maana ya kusimama juani huku macho yakipekua vichaka na fundi akihangaika kutoa tyubu.

Basi ujenzi ukaanza. Lami ilisogea kipande kwa kipande, Benki ya Maendeleo ya Afrika ikiwa miongoni mwa waliotoa fedha, na kufikia mwaka 2017 ilikuwa imefika Moyale. Safari iliyokuwa ya siku mbili au tatu sasa humalizika kwa siku moja. Watu wengi wakadhani kuwa taabu ya tairi imekwisha.

LAMI NA JOTO

Haikwisha, ilibadili sura. Mawe yalimlazimisha mwendeshaji kwenda polepole. Lami iliyonyooka kupita jangwa la Kaisut humwalika aende kasi, juu ya ardhi inayochemka tangu saa nne ya asubuhi, na mizigo yote ya safari ikiwa mgongoni.

Na ifanywe hesabu. Gurudumu la nyuma la pikipiki kubwa lina kimo cha sentimita 64 hivi, basi kila kilomita moja huzunguka karibu mara 500. Kutoka Isiolo hadi Moyale ni mizunguko robo milioni. Katika kila mzunguko kila jino hukandamizwa, huvutwa na kuachiwa. Jino refu hupinda kwenye shina lake, kama mti unavyopinda katika upepo, na shinani hapo ndipo ufa huanza. Ukiongeza uzito, jino hupinda zaidi. Ukipunguza upepo, tairi lote hukunjika zaidi na joto lake hupanda. Mwenye kupunguza upepo ili apite kwenye mchanga, kisha akarudi kwenye lami bila kujaza tena, huliunguza tairi lake kwa ndani bila kuona moshi.

Lakini zipo nyufa zisizotokana na safari hata kidogo. Mpira ni kitu kinachozeeka. Hewani mna gesi kidogo iitwayo ozoni, ambayo hukata nyuzi ndogo sana zilizoufanya mpira uvutike, hasa pale mpira ulipokwisha vutwa. Jua na joto huzidisha kazi hiyo. Watengenezaji huchanganya mpira na masizi meusi yanayozuia miale ya jua, na nta pamoja na dawa zinazopanda polepole hadi juu ya ngozi ya tairi kuikinga. Sasa, nta hiyo hupanda vizuri tairi linapotembea na kukunjika. Pikipiki ikisimama miezi mingi, ngozi hukosa mafuta yake, kama miguu ya mtoto wakati wa kiangazi. Ndiyo sababu tairi lililolala bandani laweza kuwa na nyufa nyingi kuliko lililokwenda Moyale na kurudi.

KUUSOMA UFA

Msafiri mwenye busara hulala Marsabit. Mji huo uko juu ya mlima wa volkano wenye msitu na ukungu wa asubuhi, ambako aliishi tembo Ahmed, mwenye pembe ndefu, aliyelindwa kwa amri ya Rais Kenyatta tangu mwaka 1970 hadi alipokufa mwaka 1974. Baridi ya asubuhi ya Marsabit ni saa njema ya kukagua tairi, kwa kuwa upepo hupimwa sawasawa kabla tairi halijapata joto.

Hapo huinama na kutazama mambo manne. La kwanza ni umri. Ubavuni mwa tairi, ndani ya alama iliyo kama yai, mna tarakimu nne: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ushauri unaotolewa na watengenezaji kadhaa ni kwamba tairi lililotimiza miaka mitano likaguliwe na fundi kila mwaka, na la miaka kumi litolewe hata kama meno yake ni mazima. La pili ni mzigo. Namba iliyo karibu na ukubwa wa tairi hutaja uzito liwezao kubeba: 65 ni kilo 290, na 69 ni kilo 325. Zaidi ya nusu ya uzito wote wa pikipiki iliyopakiwa huangukia gurudumu la nyuma, na masanduku ya safari huja juu yake.

La tatu ni mahali ulipo ufa. Mistari myembamba katikati ya meno, isiyoingia ukucha, ni dalili ya uzee au ya kazi. Hutazamwa kila jioni, tena mwendo ukapunguzwa. Jino lililochanika shinani hata likatikisika kwa kidole limekwisha jiaga. Ufa wa ubavuni, unaozunguka karibu na ringi, ni mbaya kuliko wa katikati, maana ubavu ndio unaokunjika kila mara na ndio mwembamba. La nne ni kina. Ufa ukifunuka na nyuzi za ndani zikaonekana, au tairi likivimba mahali, safari ya tairi hilo imekwisha, hata kama lilinunuliwa mwezi uliopita.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa tairi una ukali zaidi, kwa sababu hauzibiki. Gundi haiushiki, wala rangi nyeusi ya kung'arisha haiuponyi. Baadhi ya mafuta ya kung'arisha huondoa ile nta iliyokuwa ikiukinga mpira. Ufa husomwa, kisha uamuzi hufanywa.

Uamuzi huo ni mgumu pale Marsabit. Tairi za pikipiki ndogo za kubebea abiria huuzwa hata katika vijiji, lakini za pikipiki kubwa hutafutwa Nairobi, na mbele, ndani ya Ethiopia, si rahisi kuzipata. Mwenye ufa wa kina ana njia mbili: kusubiri tairi liletwe kwa basi na kupoteza siku na fedha, au kuendelea na kutumaini. Wengi hutumaini. Baadhi yao hufika. Lakini kufika kwa bahati si ushahidi wa uzima wa tairi, na aliyesubiri siku mbili Marsabit hana hadithi ya kusimulia, ila miguu yake yote miwili anayo.

MPAKANI NA NYUMBANI

Baada ya Turbi na Sololo, vilima vya Moyale hutokea. Mwaka 2020 Rais Uhuru Kenyatta wa Kenya na Waziri Mkuu Abiy Ahmed wa Ethiopia walizindua hapo kituo cha pamoja cha mpakani. Akishavuka, msafiri huhama upande wa barabara, kwani Ethiopia magari hupita kulia. Tairi halijali ni upande gani. Hujali uzito, upepo, joto na miaka.

Somo hilo halikuandikiwa watalii peke yao. Tangu mwaka 2007 askari wa Uganda wamekuwa wakienda Somalia kwa zamu ndefu. Pikipiki ya nyumbani hubaki ukutani, imefunikwa gunia au haikufunikwa, tairi zikilegea upepo kidogo kidogo. Baba hurudi, huipiga teke, injini huitika, na furaha ikamsahaulisha kutazama chini. Siku ya kwanza humpakia mama na mtoto kwenda sokoni.

Dawa ya jambo hilo ni nyepesi na haina gharama. Pikipiki inayoachwa isimamishwe juu ya stendi ya kati ili tairi zisilale na uzito. Tairi zioshwe kwa maji na sabuni kidogo, zijazwe upepo, zifunikwe jua, tena ziwekwe mbali na jenereta na mashine ya kuchomelea, ambazo hutoa ozoni. Anayebaki nyumbani aisukume hatua chache kila wiki na kuongeza upepo kila mwezi. Na anayerudi, kabla hajaitia ufunguo, apige goti, asome zile tarakimu nne, apitishe ukucha ubavuni mwa tairi.

Barabara ya Moyale imetengenezwa na wahandisi kwa miaka mingi na fedha nyingi. Kupiga goti mbele ya tairi ni kazi ya dakika tano, na hakuna serikali iwezayo kumfanyia mtu kazi hiyo.