Mamba wa Kom Ombo

Mama alinipa makopo mawili ya karanga za kusaga, bamia kavu, na ujumbe mmoja: "Mwambie dada yako arudi nyumbani." Nyumbani ni Atlabara, hapa Juba, mtaa ambao jina lake kwa Kiarabu chetu ni kama mtu anakuambia "toka nje." Vijana wa kituo ninapofanya kazi hulicheka sana jina hilo. Siku ile sikucheka.

Mimi na dada hatukukua pamoja. Vita vya zamani vilitugawa. Mimi na mama tukaishia Kakuma, yeye akachukuliwa na baba mdogo kwenda Khartoum. Ndiyo maana tunaongea Kiarabu tu, Kiswahili changu hajui hata neno. Aliolewa huko, akapata watoto wawili. Vita vilipolipuka Khartoum Aprili 2023, alipanda basi na watoto hadi Misri. Shemeji akabaki Omdurman kuangalia duka. Simu yake ya mwisho ilikuja Agosti ya mwaka huo, na tangu hapo kimya.

Nilimkuta Kom Ombo, mji wa mashamba ya miwa kwenye Nile, kama kilomita 45 kaskazini ya Aswan. Amepanga chumba kwa mama mmoja Mnubi. Siku ya pili watoto wakasema, "Mjomba, tupeleke kwenye mamba." Dada alitaka atungoje nje kwa sababu ya bei ya tiketi. Nikakataa, tukaingia wote.

Hekalu liko palepale ukingoni, limeinuka kama nyumba ya mkuu wa kijiji. Lilijengwa wakati wa wafalme wa Ptolemy, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Kila kitu ndani ni viwili viwili: milango miwili, vyumba vitakatifu viwili, upande mmoja wa Sobek, mungu mwenye kichwa cha mamba, upande mwingine wa Horus, mwenye kichwa cha kipanga. Ukutani wamechonga kalenda ya sikukuu, na mahali pengine vyombo ambavyo watu husema ni vya upasuaji. Mimi nilivipita haraka, kusema kweli. Kilichonishika ni kisima.

Ni kisima cha duara, kirefu, chenye ngazi. Makuhani walikuwa wanaangalia humo maji ya Nile yamepanda kiasi gani. Yakipanda vizuri, mavuno yatakuwa mazuri, na kodi inapanda pia! Nikamwambia mtoto mkubwa kwamba maji haya yanapita kwetu Juba kwanza. Sikumwambia kwamba karibu nusu yake hupotea njiani kwenye vinamasi vya Sudd, wala kwamba mafuriko yenyewe yalitoka zaidi milima ya Ethiopia. Nilitaka tuwe na sehemu yetu.

Kando kuna makumbusho ya mamba waliokaushwa, wamepangwa kwenye kioo, wakubwa kwa wadogo. Mtoto akauliza, "Kwenu pia wamekufa?" Nikasema hapana, kwetu wako hai, wanaogopwa. Huku chini ya Bwawa Kuu la Aswan hawaonekani tena, wamebaki juu kwenye ziwa. Akanitazama kama nimempa zawadi.

Hapo nikaona ndiyo nafasi yangu. Tukakaa na dada kwenye kivuli cha ukuta, nikatoa ujumbe wa mama. Alinyamaza muda. Kisha akasema, "Mdogo wangu, mume wangu akija, atashukia Karkar, pale mabasi ya Sudan yanapofika. Kutoka Karkar atauliza, atanipata. Nikienda Juba atanipata wapi?"

Nilikuwa na majibu. Kazini nimefundishwa kuongea na watu waliopoteza mtu, mimi mwenyewe huwafundisha wenzangu. Sikutumia hata moja.

Jioni mama mwenye nyumba alituletea chai. Watu wake, kama 50,000, walihamishwa 1963 na 1964 wakati bwawa linajengwa, wakaletwa huku Kom Ombo, na vijiji vipya wakavipa majina ya vile vilivyozama. Mahekalu ya Abu Simbel nayo yalihamishwa, yakakatwa vipande na kupandishwa kama mita 65. "Mawe waliyaweka kando ya maji," alisema. "Sisi wakatuweka mbali na maji." Halafu akamwambia dada, kana kwamba mimi sipo, kwamba kodi ya mwezi huu inaweza kungoja.

Nilirudi Atlabara na makopo matupu. Mama hakuuliza kitu, aliniona niko peke yangu. Siku ya tatu ndipo akasema, "Hata mimi ningemngoja."

Sasa mtoto mkubwa hunipigia kila Ijumaa anataka picha ya mamba aliye hai. Nimekwenda mtoni mara mbili, sijamwona. Wavuvi wananiambia niache kusimama karibu na maji.